Maji ya Uzinduzi Hayamwagwi

Ilikuwepo nchi. Msiulize iko upande gani wa ramani, kwani aliyeuliza mara ya mwisho bado anatembelea gongo. Nchi hiyo iliitwa Buheri, na watu wake walikuwa na afya njema kwa amri. Wenye watoto wadogo sogeeni karibu. Wenye sufuria jikoni zifunikeni kwanza, nzi hawangoji hadithi iishe.

Zamani watu wa Buheri walikuwa wanaumwa kama watu wa kwingine. Mtu akiugua anauguzwa, akipona anapona, akifa anazikwa na majirani wanakula ubwabwa. Kisha ukaja mwaka wa mvua nyingi. Vyoo vikafurika, maji ya chooni yakasalimiana na maji ya kisimani, na watu wakaanza kuhara na kutapika mpaka macho yanaingia ndani ya kichwa. Walikufa wengi, na wengi wao walikuwa hawajaota meno ya ukubwani. Ndipo Mtukufu Mlezi wa Miili Yetu, aliyekuwa rais wa nchi na bingwa wa kila kitu kinachohitaji bingwa, alipohutubia taifa.

"Wananchi," alisema, "wataalamu wanasema kinga ni bora kuliko tiba. Nimeyatafuna maneno hayo mpaka nikayameza. Kama kinga ndiyo bora, kwa nini tuendelee kung'ang'ania kilicho duni? Kuanzia leo tiba imefutwa."

Watu wakapiga makofi, maana asiyepiga alipigwa.

Hospitali zikawa kambi za Jeshi la Kinga, vitandani wakalala askari na viatu vyao. Madaktari waliachiwa wachague wenyewe, kuvaa magwanda au kuvaa pingu. Neno kuhara likaondolewa midomoni mwa watu, mahali pake pakawekwa "uzembe wa tumbo", na dawa ya uzembe inajulikana tangu shuleni. Waziri wa Kinga, mtu mpole sana, mwenye sauti ya kubembelezea mtoto, alifafanua redioni: "Mgonjwa ni mtu aliyekataa kujikinga. Anayekataa kujikinga anaishambulia nchi kutokea tumboni. Nasi tutalijibu tumbo hilo."

Na walilijibu. Mzee mmoja alitapika sokoni, akajibiwa mpaka mbavu zikatoka nje ya mpangilio.

Sabuni iliagizwa, lazima tuseme kweli. Ilipofika, wakubwa wakaikagua wakakuta ina kasoro moja, kwamba inaisha. Unampa raia leo, keshokutwa anataka tena. Basi ikarudishwa, badala yake yakaja marungu ya mti mgumu, yamepakwa rangi ya waridi na kunyunyiziwa manukato, na kila rungu limechongwa ubavuni neno SABUNI. Hiyo haikuisha. Watu wa Buheri wakawa wanapigwa sabuni asubuhi na jioni, wanarudi nyumbani wamevimba lakini wananukia.

Kisha likaja Beseni.

Siku ya kuzindua Wiki ya Mikono Safi, wiki ambayo haijaisha mpaka leo, Mtukufu alisimama katikati ya uwanja wa mpira. Alikuwa ametoka kula paja la mbuzi, mafuta yanamtiririka hadi kwenye kiwiko. Wakamletea beseni la shaba, pana kama kitanda cha mtoto, limejaa maji. Akachovya mikono, akaisugua, akapiga chafya ndani yake, bendi ikapiga wimbo. Waziri akanyanyua birika ili amsuuze, kama desturi ilivyokuwa tangu enzi za mabibi, kwamba mgeni humiminiwa maji mikononi, na yale machafu huanguka chini. Mtukufu akamzuia.

"Maji haya yanayomiminwa," akasema, "mbona yanakimbia? Yanamkimbia nani? Maji ya kizalendo hutulia. Mimi nimenawa katika maji yaliyotulia. Na taifa zima linawe humu humu."

Ikawa sheria pale pale. Kumimina maji mikononi kukapigwa marufuku. Beseni la Taifa likaanza safari ya nyumba kwa nyumba, na kila raia, mkubwa kwa mdogo, akatakiwa kuchovya mikono katika maji yale yale aliyonawa Mtukufu. Yakipungua yanaongezwa. Kumwaga Maji ya Uzinduzi ni uhaini, na kamba ya uhaini ilikuwa ndefu, ilimfunga aliyemwaga pamoja na kikosi kizima kilichopewa kuyalinda.

Sasa katika Mtaa wa Kinu, nyumba ya kwanza kabisa ukitokea barabarani, aliishi mwanamke aliyeitwa Siwema na mumewe Kombo, fundi wa baiskeli. Siwema alikuwa mwoga wa maji. Si maji ya kuogelea, hapana, maji ya kunywa. Ule mwaka wa mvua alimzika mtoto wake wa kwanza, aliyemwacha asubuhi anacheza na kumkuta jioni hana hata machozi ya kulilia. Tangu hapo hofu iliingia mwilini mwake ikajenga kabisa. Alibaki na binti mmoja, Riziki, wa miaka sita, mwenye maneno mengi na kucha fupi. Kucha zile Siwema alizikata kama mtu anayepogoa shamba la mfalme.

Maji ya kunywa aliyachuja kwa kitambaa, akayachemsha yakatokota sawasawa, akayapoza kwenye mtungi wenye kifuniko pale mlangoni. Kombo alimcheka.

"Mama Riziki, unachemsha maji kama unapika maharage."

"Maharage mabichi hayajanizikia mtoto," Siwema alijibu, na Kombo akaenda kutafuta kuni.

Nyuma ya nyumba, jirani na choo, alitundika kibuyu chirizi. Ni dumu dogo lenye tundu, limefungwa kamba, na kamba imefungwa kijiti cha kukanyaga. Ukikanyaga, dumu linainama, maji yanachirizika mikononi bila wewe kulishika. Pembeni kulikuwa na kopo la majivu ya kusugulia, maana sabuni ya kweli nchini ilikuwa hadithi tu. Huo ndio uhalifu wake wote.

Koplo mmoja wa Jeshi la Kinga, aliyeitwa Tobwe, aliingia uani siku moja akipekua vyoo.

"Hiki nini?"

"Cha kunawia, afande."

"Kinafanyaje?"

"Ukikanyaga kijiti, maji yanachirizika."

"Yanachirizika yanakwenda wapi?"

"Chini, afande."

"Chini kwa nani?"

Swali hilo halikuwa na mwenyewe. Tobwe akanusa dumu, akakanyaga kijiti, maji yakamlowesha kiatu. Akaruka nyuma kama aliyetemewa na nyoka.

"Yanakimbia," aliwaambia wenzake. "Nimeyaona kwa macho yangu."

Wakalipiga dumu lile sabuni mpaka likawa vipande. Walipomaliza dumu walimgeukia Kombo, kwa kuwa ndiye kichwa cha nyumba, na kichwa ndicho walichoanza nacho. Alipigwa mdomoni, jino la mbele likamtoka pamoja na neno alilokuwa anataka kusema. Akaangushwa chini, akapigwa mgongoni na miguuni, huku Tobwe akihesabu kwa kurudia rudia tatu, kwani ndipo elimu yake ilipokomea. Uani kukanukia mawaridi.

Jioni Siwema alimkanda mumewe kwa maji ya moto yenye chumvi. Kombo alizungumza kwa shida.

"Mke wangu, mimi nakuelewa. Lakini nimebakiwa na meno machache, na mtaa una wanajeshi wengi."

"Kibuyu nitakipeleka ndani ya choo," Siwema alisema. "Vyoo wanachungulia tu mlangoni, hawaingii kwa kunuka."

"Upeleke nini? Kimekufa."

"Nitatengeneza kingine."

Kombo akafumba macho. Alimjua.

Siku chache baadaye ikasikika ngoma upande wa Mtaa wa Mpera. Beseni lilikuwa linapita huko. Siwema alikuwa na shoga yake kule, Nyamizi, mama wa mvulana mmoja tu. Haikupita muda ikaja habari kwamba mvulana yule amefariki. Siwema akajitanda kanga, akaenda kumwosha maiti.

Alimkuta Nyamizi amekaa sakafuni na mwanawe mapajani, mtoto mwepesi kama nguo iliyoanikwa. Alikuwa hajapata hata nafasi ya kulia, kwani askari walikuwa wamemtangulia Siwema. Walikuwa ndani ya nyumba ya msiba, wanasoma mashtaka. Mtoto amekufa kwa uzembe wa tumbo. Mtoto hapigwi akishakufa, sheria ya Buheri ilikuwa na huruma, kwa hiyo anapigwa aliyemzaa. Walimpiga Nyamizi pale pale sakafuni, na yeye hakunyanyua mkono kujikinga, kwa sababu mikono yote miwili ilikuwa imemshika mtoto kichwa kisigonge chini. Rungu moja lilimpata sikioni. Sikio lile halikusikia tena kitu mpaka mwisho wa maisha yake. Walipochoka walimpa pole ya serikali wakaondoka.

"Alichovya mikono, Siwema," Nyamizi alisema, damu inamchuruzika shingoni. "Alifurahi kweli. Akalamba vidole, akaniambia, mama, yana ladha ya mbuzi."

Siwema alikuwa anakunja nguo za mtoto. Akasimama na nguo mkononi.

"Kabla halijapita, kuna mtu mtaani kwenu alikuwa anaharisha?"

"Hapana."

"Na sasa?"

Nyamizi akamgeuzia sikio zima, akanyoosha kidole nje. Siwema akasikiliza. Kilio kilikuwa kinatoka nyumba ya pili, na ya mbele yake, na ng'ambo ya njia.

Alirudi nyumbani kwa hatua za mtu anayefukuzwa. Akamwambia Kombo yote. Kombo, na mdomo wake uliovimba, akashika kichwa.

"Ijumaa ni zamu yetu," akasema.

"Mtoto wangu hachovyi humo."

"Tumfiche?"

"Tumfiche wapi?"

Wote wawili walikuwa wanajua kisa cha ghala. Watu wa Mtaa wa Mbaazi waliwaficha watoto kwenye ghala la mahindi. Jeshi la Kinga likaamua kwamba ghala lina panya, na panya huleta magonjwa, basi likachoma ghala kwa ajili ya afya ya watoto waliokuwemo. Waliotoka walitoka na moto mgongoni. Waziri alisema redioni kwamba hakuna hata mmoja wao aliyeumwa tumbo.

"Basi achovye," Kombo alinong'ona, "halafu tumsugue haraka kwa majivu. Ni mikono tu, Mama Riziki. Mikono inasuguliwa."

Siwema alimwangalia binti yao, aliyekuwa amekaa kizingitini anakula muwa na kila baada ya pande moja anajilamba vidole, kimoja kimoja, hasahau hata kidogo cha mwisho.

"Mwangalie," alisema. "Halafu niambie utamsugua saa ngapi."

Ijumaa ikafika. Ngoma ilitangulia, nyuma yake bendera, nyuma ya bendera Beseni, limebebwa kwenye machela na askari wanne wenye rangi ya majivu. Walitembea wamebana magoti. Mmoja wao alisimama ghafla katikati ya wimbo, akakunja uso, na uzembe ukamshuka kwenye suruali mbele ya watu wote. Sajini wake akampiga sabuni mgongoni papo hapo, akimwita msaliti, na kila alipoinua rungu sajini mwenyewe alitulia kidogo, amejibana, anasikilizia. Wimbo haukukatika. Ulikuwa unasema tumbo langu liko imara.

Mkuu wa msafara alikuwa Meja Mkung'uto, daktari wa heshima. Heshima hiyo aliipata kwa kumpiga daktari wa kweli. Alisimama mlangoni kwa Siwema, akakohoa kwenye kiganja, akakifuta kwa bendera.

"Familia hii imepata bahati ya kuufungulia mtaa. Mtoto kwanza. Mtoto ndiye taifa la kesho."

Beseni likawekwa chini. Siwema akayaona maji. Yalikuwa na rangi ya uji wa mtama, juu yameelea unywele, mabawa ya nzi na kitu kingine ambacho hakukipa jina. Ukingoni ulizunguka utando wa mafuta. Watu wa mtaa wote walikuwa wamepangwa mstari, watoto mbele, wamenyoosha mikono kama wanaosubiri sadaka.

Siwema alikuwa ameizungusha mikono ya Riziki ndani ya kanga yake, akaifunga fundo mbele ya tumbo lake mwenyewe, kama alivyokuwa anambeba alipokuwa mchanga.

"Nitanawa mimi kwa niaba yake, afande. Nitanawa hata mara mbili. Nitanawa mpaka mabegani."

"Kinga haina niaba."

"Mtoto ana kidonda mkononi. Nisije nikayachafua Maji ya Uzinduzi."

Meja akafikiri, na haikumpendeza. "Maji haya yalinawiwa na Mtukufu. Hayachafuki. Unasema yanachafuka?"

"Sisemi, afande."

"Basi fungua fundo."

"Siwezi."

"Huwezi au hutaki?"

Siwema akafunika fundo kwa mkono wake wa kulia. Meja akampa ishara Koplo Tobwe.

Rungu la kwanza lilitua juu ya vidole, na mlio wake ulikuwa kama wa muhogo mkavu. Siwema aliuma mdomo. Rungu la pili likapasua kucha. Riziki alikuwa ameficha uso tumboni mwa mama yake, anasikia kila pigo likipita mwilini mle kabla ya kumfikia, na analia bila sauti. Kombo alijitupa mbele, askari wawili wakamkamata, wakampiga magotini akaanguka. Rungu likashuka tena, na tena, vidole vikageuka upande ambao Mungu hakuvielekeza, lakini mkono ule haukutoka juu ya fundo. Ulikuwa umeshavunjika, hauna nguvu ya kushika wala ya kuachia.

"Riziki," Kombo alilia kutoka chini, "mwanangu, chovya. Chovya waache kumpiga mama yako."

Hapo ndipo hatari ilipokuwa, wenye watoto mnaelewa. Mtoto aliyefunzwa vizuri humtii baba yake. Riziki alivuta mikono yake midogo, akaichomoa kwenye kanga, akageuka, akainama kwenye Beseni huku kamasi zinamtoka, amevitanua vidole vyake vyote.

Siwema hakuwa na mkono wa kumzuia nao, wa kulia umevunjika na wa kushoto askari ameushikilia. Akanyanyua mguu wa kushoto, akalipiga teke Beseni la Taifa.

Likaegemea ukingo mmoja, likasita kidogo, likapinduka.

Ngoma ikanyamaza. Maji ya Uzinduzi yalitambaa uani, yakapata njia, yakashika mwelekeo wa mtaroni. Meja alitazama kama mtu anayeona mifugo yake yote inaruka ukuta.

"Yakamateni," akasema.

Askari wakayafukuza. Waliyapiga maji marungu mbele na nyuma, matope yanawarukia machoni, wakapigana vidole vya miguu, wakapigana vichwa. Sajini alipigwa paji la uso na mtu wake mwenyewe, akalala chini kimya, akakaa hivyo hivyo, na kesho yake alizikwa kama shujaa wa usafi. Yule askari wa suruali alipiga mguu wa mwenzake akidhani ndiyo maji. Koplo Tobwe alifika mtaroni wa kwanza, akawahi kuona tone la mwisho likizama.

"Yamekataa amri, afande," akaripoti.

Meja akajishika shingo. Hakuwa mtu wa kufikiri haraka, lakini shingo humsaidia mtu. Kamba ya uhaini ilifunga kikosi kizima, na kikosi kizima ni pamoja na Meja. Askari mmoja mmoja wakaanza kujishika shingo. Meja akaugeukia mstari wa watu.

"Nani ameona kitu?"

"Tuone nini, afande?" alijibu bibi mmoja mwenye mjukuu mgongoni. "Sisi macho yetu yana uzembe."

"Vizuri. Beseni lioshwe lisionekane tope. Maji yapatikane. Upesi."

Tobwe alilisugua Beseni kwa mchanga na majivu, ndani na nje, utando wa mafuta ukatoka, shaba ikang'aa kwa mara ya kwanza tangu uzinduzi. Maji yaliyokuwa karibu yalikuwa ya mtungi uliopo mlangoni. Wakaumimina wote. Meja akachungulia, akakunja uso.

"Mbona yanaonekana safi? Watatujua."

Tobwe akatazama huku na huku, akalichukua kopo la majivu la Siwema, akalikung'utia humo. Maji yakapata rangi ya serikali.

Siwema hakushtakiwa kwa uhaini, kwa sababu uhaini haukutokea. Alipigwa kwa uzembe wa mguu. Walimpiga pale alipoangukia, juu ya tope la Mtukufu, mpaka akapoteza fahamu. Baada ya hapo mtaa mzima ukachovya mikono, mmoja mmoja, Riziki wa kwanza.

Alipozinduka alikuwa mkekani, na neno la kwanza lililomtoka lilikuwa, "Anaharisha?"

"Hapana," alisema Kombo.

Aliuliza hivyo kila alipofumbua macho, na Kombo alijibu hivyo, mpaka siku moja Riziki mwenyewe akajibu kutoka uani, kwa kuchoshwa, "Siharishi mama, nacheza."

Mtaa wa Kinu hakuharisha mtu. Mitaa mingine yote ilikuwa inazika. Jambo hilo likafika kwa wakubwa, likawasumbua sana, maana afya ilikuwa imetokea mahali bila kuarifiwa. Wakatumwa watafiti wenye miwani. Waliuliza mtaani, watu wakasema hawakuona kitu. Waliwauliza askari, askari wakasema kila hatua ilifuatwa kama kawaida. Mtaa ule ule, Beseni lile lile, maji yale yale. Tofauti ikawa moja tu, na watafiti wakarudi nayo wakishangilia.

Kombo alikuwa amegeuza baiskeli ya mteja miguu juu, anaziba pancha, redio iko dirishani. Sauti ya Waziri ikatoka, ile ya kubembelezea.

"Ndugu wananchi, sayansi imesema. Imethibitika kwamba mama akipigwa vizuri kabla ya kunawa, hasa kwenye vidole, mtaa mzima hupata kinga. Kuanzia wiki ijayo, kila mtaa utachagua mama mmoja. Tunaomba achaguliwe mwenye mapenzi na watoto."

Kombo akazima redio, akaiweka chini taratibu kama yai, akaingia ndani. Siwema alikuwa ameshasikia.

Kesho yake mchana alikuja mwanamke mlangoni. Alikuwa mdogo bado, ana mtoto mchanga mgongoni na mwingine amemshika pindo la gauni. Akabisha hodi, akavua kandambili.

"Shikamoo dada. Naitwa Zamoyoni, natoka Mtaa wa Mbaazi. Wamenichagua mimi."

"Marahaba. Kaa."

"Kimbia," Kombo alisema kutoka uani. "Mwambie akimbie."

"Wakichoma nyumba ya wazazi wangu je, shemeji?" Zamoyoni aliuliza bila kumgeukia. Alikuwa anautazama mkono wa kulia wa Siwema. Vidole vilikuwa vimejikunja kama tangawizi, haviwezi tena kushika sindano wala kumsuka mtoto nywele.

Siwema akamsogezea kigoda, akasema naye kwa sauti ya chini, kama watu wanaopeana namna ya kupika. Mtungi uwe pale pale mlangoni, wasihangaike kutafuta kwingine wakaenda mtaroni. Maji yawe yameshatokota na kupoa, yamefunikwa. Majivu yawe machoni pao. Asipige teke mapema, wakiwa bado na akili, angoje wote wawe wanamtazama yeye. Atumie mguu, mikono atakuwa hana.

"Na wakinikamata kwa uhaini?"

"Nao wana shingo."

Zamoyoni akaitikia kwa kichwa. Yule mtoto aliyeshika pindo alikuwa ameanza kukohoa, naye akamfuta pua kwa ncha ya kanga, akamvuta karibu. Kisha akauliza lile alilolijia.

"Dada, inauma sana?"

Siwema akamtazama mtoto wa pindo, akamtazama wa mgongoni.

"Inauma," akasema. "Kuni unazo?"